Pete ya Gyges: kama hakuna anayekuona, kwanini usiibe? Twende Athens kwa Plato (uzi mrefu, vuta kiti)

mtunza_stoo (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Mimi humu ni msomaji tu miaka yote, leo nimeamua kushusha uzi wangu wa kwanza, mkinikosoa nikosoeni ila msinichambe.

Chanzo chake ni simenti. Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi, sasa juzi kati hapa likaja gari la mzigo, karatasi inasema mifuko 300. Mimi huwa nahesabia ukutani kwa chaki, kila mifuko kumi mstari mmoja. Gari limeisha kushushwa nahesabu mistari napata 31. Nikaingia ndani nikahesabu mifuko yenyewe safu kwa safu, 310. Dereva kashasaini kaondoka, bosi yuko safari, kuli wanalipwa kwa gari hawana habari na idadi. Mifuko kumi imeshuka toka mbinguni na hakuna binadamu anayejua isipokuwa mimi na ile chaki. Nikaufuta mstari wa 31. Kwanini niliufuta hata sijui, mkono ulienda wenyewe.

Usiku usingizi haukuja, nikafungua simu niendelee na kitabu cha Plato, kile cha Jamhuri, ambacho nimekuwa nakisoma kwa kusuasua toka mwaka jana. Nilikuwa nimefika kitabu cha pili (ndani yake vipo 10, sisi tungeita sura) na pale pale nikakutana na mimi mwenyewe na mifuko yangu.

Ngoja nianze mwanzo twende sawa. Plato ni mtoto wa ukoo mkubwa wa Athens, kazaliwa miaka ya 420 KK. Mwalimu wake ni Socrates, yule mzee aliyekuwa anawasumbua watu kwa maswali, haki ni nini, ujasiri ni nini, mpaka mwaka 399 KK raia wenzake mia kadhaa wakaketi kama majaji wakapiga kura wakamhukumu anyweshwe sumu, kosa eti anaharibu vijana na haitambui miungu ya mji. Plato alikuwa kijana bado. Mimi nikimsoma naona kama maisha yake yote alikuwa anakata rufaa ya ile kesi.

Sasa kitabu kinaanza kizembe kabisa. Socrates anasimulia: jana niliteremka Piraeus na Glaucon mwana wa Ariston. Piraeus ndo bandari ya Athens. Kulikuwa na sikukuu ya mungu mke wa Wathrake anaitwa Bendis, wamesali wametazama maandamano wanageuza kurudi mjini, mtumwa anakuja mbio anamvuta Socrates joho kwa nyuma, subirini bosi wangu Polemarchus anakuja. Polemarchus na wenzake wanawaambia bakini, usiku kuna mbio za farasi za kupokezana mienge. Wakaenda nyumbani kwake kusubiri hizo mbio. Hizo mbio hazitajwi tena mpaka kitabu kinaisha hahaha, walikaa wanabishana kuhusu haki.

Nyumbani yupo mzee Cephalus, baba yake Polemarchus, tajiri, ana taji la maua kichwani katoka kutoa sadaka. Anasema uzuri wa kuwa na pesa uzeeni ni kwamba unakufa huna deni, la mungu wala la mtu. Socrates akamdaka hapo hapo: kwahiyo haki ni kusema kweli na kurudisha ulichopewa? Je rafiki alikuachia silaha akiwa timamu, amerukwa na akili anazidai, utampa? Mzee akacheka, akasema mimi nina sadaka zangu nyuma huko, akamrithisha mwanae ubishi akaondoka. Polemarchus akaja na yake, haki ni kumtendea mema rafiki na kumdhuru adui. Socrates: ukimdhuru farasi anakuwa farasi mbovu zaidi, ukimdhuru mtu je? Anakuwa mtu mbovu zaidi. Sasa haki inawezaje kufanya kazi ya kutengeneza watu wabovu?

Ndo akaruka Thrasymachus. Huyu ni mwalimu wa kulipwa wa ufasaha, na Plato anasema alijikunja kama mnyama akawarukia. Hoja yake mnaijua hata kama hamjawahi kumsoma, maana kila kijiwe kinaisema: haki ni faida ya mwenye nguvu. Aliye madarakani anatunga sheria zinazomlisha yeye, halafu anaziita haki. Socrates alimzungusha mpaka akatoka jasho, ilikuwa kiangazi, akawa mwekundu usoni, lakini kwa kweli ukisoma unaona jamaa kanyamaza tu hajakubali.

Na hapo Glaucon, kaka yake Plato wa damu, anasema hapana Socrates, umeshinda kwa maneno tu, ngoja nimtetee Thrasymachus vizuri zaidi yake. Akaleta stori ya pete. Mchungaji wa huko Lydia, ufalme wa kale Uturuki ya leo (maandishi yanasema babu wa Gyges, watu wamezoea kusema Gyges mwenyewe), likapita tetemeko, ardhi ikapasuka, akashuka ndani akakuta farasi wa shaba ana vidirisha, ndani maiti kubwa kuliko mtu, haina kitu ila pete ya dhahabu. Akaichukua. Akiwa kwenye kikao cha wachungaji anaichezea kidoleni, akageuza kito kikaangalia ndani ya kiganja, akasikia wenzake wanamzungumzia kama hayupo. Akakigeuza nje, akaonekana. Akajaribu tena na tena. Akifika ikulu akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akakaa yeye.

Glaucon anauliza: hizo pete zikiwa mbili, moja apewe mwema moja apewe mwovu, nani ataona tofauti? Halafu anakaza zaidi. Chukua mtu mwenye haki kamili lakini dunia nzima inamjua kama mwizi, atachapwa, atafungwa, atachomwa macho, atatundikwa. Weka pembeni mwizi kamili ambaye dunia inamheshimu, ana cheo, anaozesha watoto kwenye nyumba anazotaka, na miungu anaihonga kwa sadaka nono. Socrates, niambie yupi ana maisha mazuri, na usiniletee habari za sifa wala malipo, nataka kujua haki yenyewe inafanya nini ndani ya nafsi ya mtu.

Nikaweka simu kifuani wakuu. Pete yangu ilikuwa ni chaki.

Sehemu ya pili nakuja nayo, ngoja nichaji.

kahawa_chungu

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu usituzungushe Ugiriki, mifuko iko wapi??

mzee_wa_nondo

Endelea mkuu, nakusubiri kwenye kona ya kitabu cha nne. Kuna mahali Plato anateleza na wengi hawaoni.

mtunza_stoo

Nimerudi. @kahawa_chungu tulia, mifuko itafika.

Jibu la Socrates linachukua vitabu vizima, mimi nawapa mfupa wake. Anasema macho yetu ni mabovu, hatuwezi kusoma herufi ndogo kwa mbali, sasa kama herufi hizo hizo zimeandikwa kubwa mahali pengine tuzisome kwanza kule. Herufi kubwa ni mji, ndogo ni nafsi. Wakajenga mji wa maneno, wakapata makundi matatu: watawala wenye hekima, askari wao, na wengine wote, wakulima, mafundi, wafanyabiashara. Wakarudi kwenye nafsi kuangalia kama nayo ina vipande vitatu.

Anathibitisha vipi? Kwa kiu. Mtu ana kiu kali na hapo hapo hanywi, anajizuia. Kitu kimoja hakiwezi kusukuma na kuvuta kwa mpigo mmoja kwa upande ule ule, kwahiyo humo ndani wako wawili, anayetaka na anayekataza. Tamaa na akili. Halafu cha tatu ndo kinachonipendeza, Wagiriki wanaita thumosi, ni ile hasira ya kujiheshimu, moyo unaopanda, kinachokufanya ukasirike ukidhulumiwa na ukajichukia ukijidhulumu mwenyewe. Glaucon akadhani hicho ni ndugu na tamaa. Socrates akamletea stori ya Leontius.

Leontius mwana wa Aglaion alikuwa anapanda kutoka Piraeus, kapita nje ya ukuta wa kaskazini, akaona maiti zimelala pale kwa mnyongaji. Akatamani kuziangalia. Wakati huo huo anaona kinyaa, anajigeuza. Akapigana na nafsi yake, akajifunika uso. Mwisho akashindwa, akayakodoa macho akazikimbilia zile maiti huku anayatukana macho yake mwenyewe: haya malaanifu nyie, shibeni, kitu kizuri hicho!

Mnamcheka, ila ajali ikitokea barabarani nani hapa hajawahi kusogea "kuangalia kidogo tu" halafu akajichukia njia nzima? Kile kinachojichukia ndo thumosi. Socrates anasema hasira hiyo haisaidii tamaa, ikifunzwa vizuri inakuwa upande wa akili, kama mbwa anayeitwa na mchungaji wake akarudi.

Sasa haki ni nini? Ni kila kipande kufanya kazi yake bila kupora ya mwenzake. Akili iongoze, moyo uilinde, tamaa ipate chake na isikae kwenye kiti. Ni kama afya ya mwili. Na wakifika hapo Glaucon mwenyewe ndo anasema, sasa lile swali la kama inalipa, lina maana tena? Mwili ukioza hakuna anayetaka kuishi nao hata apewe vyakula vyote, itakuwaje kwa nafsi yenyewe unayoishia?

Nilipofika hapa nilitulia kidogo, nikaona sawa. Asubuhi nikaona sio sawa. Nadhani ndo hapo @mzee_wa_nondo ananisubiri.

mzee_wa_nondo

Ndo hapo hapo. Glaucon kauliza habari ya kuiba, kuua mfalme, kulala na mke wa mtu. Socrates kajibu habari ya mtu aliyepangika ndani. Hivyo ni vitu viwili!! Nani kakwambia mtu aliyepangika ndani haibi? Mimi nawajua watu wametulia, hawanywi, hawapayuki, wanalala saa tatu usiku, kila kitu kina ratiba, na wanaiba kwa utulivu huo huo. Nafsi iko kwenye mstari na mkono uko kwenye kasha. Plato kabadilisha swali katikati ya mtihani halafu akajipa maksi.

Na anajijua. Soma baada tu ya hapo, anamuuliza Glaucon je mtu huyu akiwekeshwa dhahabu au fedha atazila? Ataiba hekaluni, atasaliti rafiki, atavunja kiapo, atazini, atawatupa wazazi? Glaucon anajibu hapana, hapana, hapana. Hoja iko wapi? Hamna, ni kuitikia tu kama kwaya.

kahawa_chungu

Nondo umeua. Mleta uzi jibu, au urudishe simenti.

mwana_mvita

Ndugu zangu nami nitie neno, maana naona mwagombana na kinachowagombanisha ni Kiswahili.

Neno la Kigiriki analotumia ni dikaiosune. Sisi tuna maneno mawili pale. Haki ni kitu unachodai, kiko kwa mwenzio, wenda mahakamani kukitafuta. Uadilifu ni kitu ulicho nacho wewe, ni tabia, hata ukiwa peke yako kisiwani waweza kuwa mwadilifu. Mgiriki kayabeba yote kwa neno moja. Kwahivyo Glaucon aliuliza kwa haki, Socrates akamjibu kwa uadilifu, na kwa lugha yao hapakuonekana pengo. Bwana Nondo, wewe waliona pengo lile kwa sababu wasoma kwa lugha iliyoligawa.

Na hili si la kubahatisha. Wanafalsafa wa Kiislamu waliyapokea haya mapema mno, wakaziita nguvu tatu za nafsi: ya akili, ya ghadhabu, ya shahawa. (Neno hili la mwisho kwetu limeishia zahanati, msicheke, kwao maana yake matamanio yote, hata ya wali.) Kila nguvu ikikaa mahali pake yazaa sifa yake, hikma, shajaa, iffa (kujizuia na matamanio), na zote tatu zikipatana yatoka ya nne, adala. Haya someni kwa Kiswahili: hekima, ushujaa, uadilifu. Tumeyachukua matatu, iffa ndiyo imebaki kwa watu wa chuoni. Miskawayh, aliyekufa 1030, aliandika haya wazi, na Ghazali, aliyekufa 1111, akayapa sura: akili ni mpanda farasi aliyetoka kuwinda, matamanio ni farasi wake, ghadhabu ni mbwa wake. Jina la Ghazali si geni kwa masheikh wa Pwani. Ibn Rushd naye, aliyekufa 1198, akaishereheshea hii Jamhuri yenyewe, maana kile kitabu cha siasa cha Aristotle hakikumfikia. Kiarabu chake kimepotea, kimebaki kwa Kiebrania.

Kwahivyo mtu wa Mvita akisema "fulani ni mwadilifu" ametumia mzigo wa Plato bila kujua bandari uliyopakiwa.

mtunza_stoo

Dada mwana_mvita (au kaka, samahani) umenifungua sana, hili la haki na uadilifu ningelijua mapema nisingekesha.

Lakini @mzee_wa_nondo bado sijakuachia, nimerudi kwenye kitabu cha nane usiku wa pili na kuna mtu wako pale. Plato anaeleza jinsi nafsi zinavyoharibika hatua kwa hatua, mpenda sifa, mpenda mali, mpenda kila kitu, mwisho dikteta. Yule mpenda mali ndo jamaa yako wa kulala saa tatu. Anabana matumizi, mchapakazi, watu wanamsifu, kwenye mikataba ya kawaida ana jina safi kabisa. Socrates anasema ukitaka kumjua mwangalie sehemu moja tu: mpe usimamizi wa mayatima.

Wakuu nilirudia mstari huo mara tatu. Usimamizi wa mayatima! Mali haina anayeuliza, mtoto hajui kuhesabu, marehemu harudi. Hapo ndo unaona kwamba utulivu wote ule haukuwa akili kutawala, alikuwa anazishika tamaa zake kwa nguvu kwa kuogopa kupoteza mali yake nyingine. Ni watu wawili ndani ya shati moja. Kwahiyo Plato angekwambia huyo wako hajapangika, amefungwa kamba tu, na kamba inafunguka pale pasipo na macho. Ni pete ile ile ya Gyges ila safari hii haina uchawi, imekuwa karatasi ya mirathi.

mzee_wa_nondo

Hiyo nimeipenda, sikatai. Ila angalia ulichofanya: umesema akiiba basi hakuwa amepangika. Ukienda hivyo huwezi kukosea milele, kila mwizi nitakayemleta utasema huyo ndani ana fujo. Nipe alama ya fujo ambayo SIO wizi wenyewe.

jiwe_la_pembeni

Mimi nina hasira na uzi huu kwa sababu nyingine. Mnaongea nafsi nafsi mnasahau mji. "Kila mtu afanye lake" ni maneno ya nani? Ya mtu aliye juu. Fundi viatu abaki na viatu, utawala ana wenyewe. Halafu ili wakubali anataka waambiwe hadithi kwamba mungu kawachanganyia udongo wao na madini, hawa dhahabu, hawa fedha, nyie chuma na shaba. Anakiri mwenyewe kwamba ni uongo. Nampa moja tu, kitabu cha tano anasema wanawake wenye uwezo watawale sawa na wanaume, kwa Athens ya wakati ule hilo lilikuwa kama kichaa.

Sasa tuje kwenye nyumba waliyokaa, mleta uzi kaipita haraka. Cephalus alikuwa mgeni kutoka Syracuse, tajiri wa ngao. Mwanae mwingine Lysias alikuwepo usiku ule kimya, na baadaye akaja kuwa mwandishi mkubwa wa hotuba za mahakamani. Mwaka 404 KK Athens imeshindwa vita na Sparta, likawekwa genge la watu thelathini kutawala. Hazina haina kitu. Wawili kati yao wakatoa wazo: tuwakamate wageni matajiri, tuseme wanapinga serikali. Wakapanga kukamata kumi, na kati ya kumi wawili wawe maskini, ili isionekane ni pesa. Someni tena hapo, wawili maskini kwa ajili ya picha!

Wakaja nyumbani kwa kina Lysias. Yeye akahonga akatorokea mlango wa nyuma. Polemarchus, huyu huyu wa "adui adhuriwe", akakamatwa barabarani akanyweshwa sumu bila kuambiwa hata kosa lake. Familia ilikuwa na nyumba tatu, maiti yake haikuruhusiwa kutolewa kwenye hata moja kwenda kuzikwa, wakakodi kibanda, rafiki mmoja katoa nguo mwingine mto wa kichwa. Wamechukua ngao 700, watumwa 120, na mmoja wao anaitwa Melobius akazing'oa hereni za dhahabu masikioni kwa mke wa Polemarchus. Lysias aliyasema haya yote mahakamani kwa mdomo wake.

Na kiongozi wa genge? Critias. Binamu wa mama yake Plato.

Kwahiyo kila Mwathene aliyefungua kitabu hiki na kusoma "nyumbani kwa Polemarchus" alijua mwenye nyumba ataishaje. Thrasymachus kasema haki ni faida ya mwenye nguvu, na historia ikaja kumgongea muhuri kwenye sebule ile ile. Na wale watumwa 120 wala hawakualikwa kwenye mjadala wa haki.

kahawa_chungu

😶 Hapo kwenye hereni nimeishiwa maneno.

mwana_mvita

Hilo la watumwa halina jibu, na nisingependa mtu ajaribu kulipatia. Lakini Plato kuichagua nyumba ile siioni kuwa ni bahati mbaya. Alijua jamaa zake walifanya nini.

mtunza_stoo

@jiwe_la_pembeni asante, sikuwa najua habari ya hereni. Naongeza moja. Genge lile halikumaliza mwaka. Critias aliuawa 403 KK kwenye mapigano ya Munichia, hapo hapo Piraeus, njia inayopanda kwenda kwenye hekalu la Bendis. Yule yule mungu wa ile sikukuu. Kwahiyo Thrasymachus naye asishangilie sana.

mzee_wa_nondo

Acha hiyo mkuu. Hiyo ni adhabu, na Glaucon alikukataza kuleta habari za adhabu na malipo. Je kama Critias angezeeka na hereni zake mezani?

Ila jiwe kanikumbusha kitu kizuri kuliko hicho. Thelathini wale waliwaita watu watano, Socrates akiwemo, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis wakamlete mtu anaitwa Leon auawe. Lengo ni kuwachafua wengi. Wanne wakaenda wakamleta, Leon akafa. Socrates akarudi nyumbani kwake. Alilisema kwenye utetezi wake mwenyewe, kwamba genge lisingeanguka mapema ile huenda angeuawa kwa hilo. Hakupigana, hakuhutubia, wala hakumwokoa Leon. Karudi nyumbani. Mimi ukiniuliza ushahidi wa Plato ni huo kuliko herufi kubwa na ndogo zote.

mtunza_stoo

Nondo nakubali kuhusu adhabu, nimeteleza.

Alama uliyoomba, ya fujo isiyo wizi, nadhani ni Leontius. Yeye hakuiba kitu, kaangalia tu maiti, hakuna sheria iliyovunjwa. Ila ugomvi upo na unasikika, anatukana macho yake. Dikteta wa kitabu cha tisa hivyo hivyo, ukimvua mapambo unakuta mtu amejifungia ndani kama mwanamke wa Kiathene wa zama zile, hawezi kusafiri wala kuangalia sikukuu za watu kwa woga, anawabembeleza watumwa wake.

kahawa_chungu

Si ndo pale anasema mfalme mwema ana raha kuliko dikteta mara 729? Nilisikia nikadhani utani. Nani alipima hahaha

mzee_wa_nondo

Ni 9 mara 9 mara 9, na Glaucon mwenyewe anashangaa hiyo hesabu. Mzee alikuwa anatania, ama nusu anatania.

udongo_mfinyanzi

Mimi nimesoma sayansi, hii nafsi ya vyumba vitatu inanichosha. Aristotle mwanafunzi wa Plato aliiweka vizuri zaidi: jicho lingekuwa mnyama, kuona ndo ingekuwa nafsi yake. Nafsi sio mtu mdogo kakaa ndani, ni uwezo wa mwili ulio hai. Mmea una ya kula na kukua, mnyama anaongezewa ya kuhisi, mtu anaongezewa ya kufikiri. Na haki kaiita ile inayomhusu mwenzio, akaigawa, ya kugawana kwa stahili na ya kurekebisha aliyezidisha. Mifuko kumi ya simenti ni hiyo ya pili, toa kwa aliyezidi rudisha kwa aliyepungukiwa, kazi imeisha, hakuna haja ya kukesha.

mtunza_stoo

@udongo_mfinyanzi ungekuwa stoo ule usiku ningelala mapema.

Ya mwisho nilale. Kitabu kinafungwa na stori ya Er, askari wa Pamphylia aliyekufa vitani. Siku ya kumi wanaokota maiti zote zimeoza yake nzima, siku ya kumi na mbili wamemlaza juu ya kuni wamchome akaamka, akasimulia alichoona. Nafsi zinakaa miaka 1000 mbinguni au chini ya ardhi kwa malipo yake, halafu zinaletwa uwanjani zinapiga kura za zamu, na mbele yao maisha ya kila aina yametandazwa chini, kila mmoja achague.

Aliyepata zamu ya kwanza akaruka bila kufikiri akaokota udikteta mkubwa kuliko wote. Baada ya kuangalia vizuri akakuta humo imeandikwa atakula watoto wake. Akaanza kujipiga kifua na kulaumu miungu, kila mtu isipokuwa yeye. Sasa swali, huyu katokea wapi, kuzimu? Hapana. Katokea mbinguni! Maisha yaliyopita aliishi kwenye mji wenye utaratibu mzuri, akawa mwema kwa mazoea tu.

Odysseus yeye zamu yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Kachoka na sifa, akazunguka sana kutafuta maisha ya mtu wa kawaida asiye na shughuli na watu, akayakuta yametupwa pembeni, wote wameyaruka. Akasema hata ningeitwa wa kwanza ningechukua haya.

Yule wa kwanza ndo ananitisha. Maana nina miaka kumi na moja kazini sijawahi kupoteza msumari.

kahawa_chungu

Mkuu nimevumilia uzi mzima. MIFUKO.

mtunza_stoo

Haya. Siku ya nne dereva alirudi, mchana, bila gari, kwa bodaboda. Akasimama mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, eti ule mzigo ulikuwa sawa? Kule kwao hesabu imegoma na wanataka kumkata. Mimi nikamwambia ingia. Nikamwonyesha ukuta. Chaki ukiifuta kwa mkono haitoki, inabaki doa jeupe, na lile doa lilikuwa refu kama mstari. Akaliangalia, akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na gari tukapakia.

Nondo usije ukasema hiyo ndo haki, mpaka anashuka kwenye bodaboda nilikuwa sijaamua. Na sijui ni kipande gani kilichosema ingia. Naona kama ilikuwa aibu.

mzee_wa_nondo

Aibu iko kile kipande cha tatu, thumosi. Rudi kwa Leontius.

kahawa_chungu

Mlipakia kumi au tisa? 😀

mtunza_stoo

Kumi. Mmoja ulikuwa umechanika pembeni, tukauvalisha kiroba.